Moto Haukutengeneza Ndama

Mafundisho kwa waamini wote, zaidi kwa vijana wa kwaya, wa filimbi, wa fanfari, na kwa wote wanaofanya kazi ya ufundi wa mikono

Masomo: Kutoka 31:1-17; Kutoka 32:1-24; Kutoka 35:20 hata 36:7



Neno tunalolileta leo hatukulitafuta. Lilitufuata nyumbani. Siku moja ya Alhamisi, jua likiwa limekwisha kushuka, mama mmoja wa parokia yetu alibisha mlangoni, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto kama mkaa. Bwana yake ni kijana ambaye wengi wenu mmemsikia akipiga filimbi, na mkilia machozi mkimsikia. Majuma matatu yalikuwa yamepita bila yeye kufika kwenye mazoezi. Mama yule hakutuomba feza. Alituomba jambo moja tu: tuende kumwita baba wa mtoto.

Tulienda mashemasi wawili. Tulimkuta kwenye kabare, gitari juu ya magoti, glasi mbele yake, na vijana wamemzunguka wakimwita vedeti. Tulipomwita alitoka nje kwa heshima, hatuwezi kusema uongo. Tukamwambia habari ya mtoto. Akainamisha kichwa. Halafu akasema: “Papa shemasi, ninyi hamwelewi. Artisti haishi kama watu wengine. Nikikaa nyumbani, kelele za watoto, habari za unga na za kodi, hakuna wimbo unaotoka. Hapa ndipo nyimbo zinanijia. Kipaji ndicho kinanichukua, si mimi.” Tena akaongeza neno lililotuchoma: “Na ninyi wenyewe katika Kanisa mnafundisha kwamba nyimbo zinatoka juu. Sasa nani atanipima?”

Tulirudi bila jibu. Mashemasi walichanga, mtoto akapelekwa kwenye kituo cha afya usiku ule ule, na kwa neema ya Mungu anacheza leo. Lakini lile swali halikupona. Tulilala nalo, tukaamka nalo. Kwa hiyo tumefungua Biblia, na tunawaletea tulichokiona, kwa sababu kijana huyu si peke yake. Wako wengi katika kartiye zetu wanaofikiri kwamba mtu mwenye kipaji anapewa ruhusa ya kuishi bila sheria, na kwamba pombe, usiku, madeni na wanawake ni chakula cha sanaa. Wako pia wazazi wanaofikiri kinyume, kwamba kila mtoto anayeshika gitari au rangi amekwisha kupotea. Wote wawili wamekosa.

Kwanza tusikie jambo la furaha. Mungu si adui wa kazi ya ufundi. Someni tena Kutoka 31. Mtu ambaye Biblia inamtaja wa kwanza kwamba Mungu mwenyewe alimjaza Roho wake, si mfalme, si nabii, si kuhani. Ni fundi. Jina lake Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda. Alijazwa Roho kusudi awe na akili na maarifa ya kubuni kazi, kufanya kazi ya dhahabu, ya fedha na ya shaba, kuchonga mawe ya kutiwa na kuchora miti. Akapewa mwenziwe Oholiabu wa kabila ya Dani. Wapendwa, kama Roho wa Mungu hakuona haya kuingia katika patasi na nyundo, sisi tutaona haya gani kumwita mchongaji, mshonaji au mpiga filimbi mtumishi wa Mungu?

Sasa geuzeni ukurasa mmoja tu, hata Kutoka 32. Musa yuko mlimani, anakawia. Watu wanamzunguka Haruni, wanataka mungu wa kuonekana kwa macho. Haruni anawaambia wavunje pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao na watoto wao. Wanaleta. Mstari wa 4 unasema wazi kwamba aliipokea mikononi mwao, akaitengeneza kwa patasi, akafanya ndama. Ni kazi ya mikono, kazi ya akili, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Lakini Musa aliposhuka na kumwuliza, Haruni alijibu namna gani? Someni mstari wa 24. Alisema kwamba watu walimpa dhahabu, naye akaitupa katika moto, na ndama akatoka!

Tukifika pale huwa tunacheka. Lakini tusicheke sana, kwa maana ni jibu lile lile tulilosikia nje ya kabare. “Si mimi, ni kipaji kinanichukua.” Haruni anasema: si mimi, ni moto. Wapendwa, moto haukutengeneza ndama. Moto unayeyusha tu. Aliyeshika patasi ni mtu, na mtu ataulizwa.

Angalieni tena: dhahabu ni ile ile. Katika Kutoka 35 mstari wa 22, wanaume na wanawake wenye moyo wa kupenda walileta vipini, pete na vikuku vya dhahabu kwa ajili ya hema la Bwana. Pete zilizofanya ndama na pete zilizopamba hema zilitoka katika masikio ya taifa moja, zikapita katika moto wa namna moja. Vile vile kipaji. Sauti inayoimba katika kabare na sauti inayoimba katika hekalu inatoka katika koo moja. Hatusemi kwamba kipaji cha mtu wa orkestra kimetoka kwa shetani. Papa Wemba, ambaye alikufa Abidjan tarehe 24 aprili 2016 akiwa katikati ya kuimba, alisema kwamba mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, na kwamba kwake alijifunza kuimba. Sauti ile ambayo dunia nzima iliijua ilianza pembeni ya watu wenye kufiwa, kwa kuwafariji. Kipaji kinatoka kwa Mungu. Swali ni moja: unakifanyia nini, na nani anakula kwacho, na nani analia kwa ajili yake?

Kanisa letu limepewa maneno matatu ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anayajua: Bolingo, Mibeko, Misala. Ndiyo kusema: Upendo, Amri, Kazi. Tupime maisha ya artisti kwa maneno haya matatu. Tuanze na la mwisho.

KAZI. Dunia inapenda kusema kwamba artisti wa kweli hafanyi kazi, anangoja. Analala mchana, anakunywa usiku, na siku moja wimbo unamwangukia kama embe. Lakini Bezaleli hakungoja chini ya mti. Someni Kutoka 36 hata 39, sura nne nzima: mbao zimepimwa, mapazia yameshonwa, vitanzi vimehesabiwa hamsini hapa na hamsini kule, misumari, vitako, taji. Roho alipomjaza, hakumwondolea jasho. Alimpa mwanzo wa jasho. Na Daudi alipopanga waimbaji wa hekalu, 1 Mambo ya Nyakati 25 inasema kwamba waliofundishwa kumwimbia Bwana, wote waliokuwa hodari, walikuwa 288. Walifundishwa! Na katika sura ya 15 Kenania aliwekwa kuongoza wimbo kwa sababu alikuwa mstadi.

Katika Kanisa letu tunao ushuhuda ambao hata mataifa wameukuja kuuona. Mwaka 1994, Kinshasa, Papa Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu, alianzisha Orkestra Symphonique Kimbanguiste. Yeye alikuwa rubani wa ndege aliyepoteza kazi. Vyombo vilikuwa vichache, watu walipokezana violoni moja, na kamba ikikatika walitafuta kamba ya breki ya baisikeli. Filamu iliyotoka mwaka 2010 iliwaonyesha watu hao kwa dunia. Je, walikuwa watu wa namna gani? Mama anayekaanga mayai na kuuza sokoni. Fundi wa umeme ambaye pia ananyoa nywele. Mama anayelea mtoto peke yake na kutafuta nyumba ya kupanga. Kelele za watoto wanazijua, habari za unga na kodi wanazijua, na bado jioni walikwenda kwenye mazoezi na kupiga Beethoven. Umeme ukikatika katikati ya muziki, hawakusema roho ya sanaa imekimbia. Mwaka 2014 walikwenda kupiga London. Hakuna kabare iliyowafikisha pale. Mazoezi ndiyo yaliwafikisha.

Na hapa kwetu Katanga? Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, mji unaoitwa leo Likasi, aliimba kwa Kiswahili chetu na gitari lake likasikika hata nchi za mbali. Mtu huyo alijua pia kazi ya mshahara. Gitari halikumkataza kuamka asubuhi. Na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, alichora na kuuza kwa bei ndogo, picha baada ya picha, kwa sababu alikuwa na nyumba ya kulisha. Alimweleza mwalimu Johannes Fabian historia ile kwa Kiswahili, picha moja moja. Katika historia aliyoichora imo hata hukumu ya Papa Simon Kimbangu ya mwaka 1921. Hao hawakuwa wa Kanisa letu, na hatuwaletei kama watakatifu. Tunawaleta tu kusudi mjue kwamba hata dunia, ikiwa na artisti wa kweli, ina mtu wa kazi.

AMRI. Sasa tuje kwenye swali gumu: kama nyimbo zinatoka juu, nani atampima mwenye kuzipokea?

Tangu siku za 1921 Kanisa letu limepokea nyimbo. Mwingine katika ndoto, mwingine shambani, mwingine akiwa gerezani au katika uhamisho. Wengi hawakusoma muziki hata siku moja. Ni zawadi kubwa, na tunamshukuru Mungu. Lakini angalieni zawadi hii inatufundisha nini. Wimbo ukipokelewa, hauimbwi kesho yake asubuhi. Unaandikwa, unasikilizwa na waliowekwa kwa kazi hiyo, unapimwa, halafu ndipo unafundishwa kwaya. Na Jumapili tunapouimba, hatutangazi jina la aliyeupokea. Kwa nini? Kwa sababu aliyepokea si mwenye mali. Ni mlango tu ambao mgeni amepita. Je, mlango unaweza kujisifu kwa ajili ya mgeni?

Kwa hiyo, kijana wetu, neno ulilolitumia kujitetea ndilo linakuhukumu. Kama wimbo ni wako, basi usiseme umechukuliwa. Ujibu kama mtu aliyeufanya. Na kama wimbo si wako, umetoka juu, basi usijivune nao, usiuuze kwa pombe, na ukubali upimwe. Mtume Paulo alifundisha Wakorinto (1 Wakorinto 14:29-32) kwamba manabii nao wapimwe na wenzao, na kwamba roho za manabii zinawatii manabii. Basi kama nabii anapimwa, mpiga filimbi atapimwa zaidi.

Tena someni vizuri Kutoka 31. Mungu amekwisha kumtaja Bezaleli, amekwisha kumjaza Roho, amekwisha kuhesabu vyombo vyote vya kufanywa. Halafu mara moja, mstari wa 12 na kuendelea, anaanza kusema juu ya sabato. Walimu wanatuambia sababu yake: hata kazi ya hema takatifu haikumpa fundi ruhusa ya kuvunja amri. Bezaleli hakuweza kusema: “Roho amenijaza, sabato si yangu.” Kadiri Mungu anavyompa mtu zaidi, ndivyo amri inavyomkaa karibu.

Amri zetu mnazijua: tusinywe pombe, tusivute tumbaku wala bangi, tusicheze dansi, tusiishi na wanawake wawili, tusipigane. Hakuna mahali palipoandikwa: isipokuwa mwenye sauti nzuri. Wengine wanasema lutuku inafungua kichwa. Tumezika vijana waliofunguliwa kichwa na lutuku. Nabii Amosi, sura ya 6, aliwaona watu wa zamani waliojifananisha na Daudi kwa vyombo vyao vya muziki, wakanywa divai kwa mabakuli, wala hawakuhuzunika kwa maangamizi ya ndugu zao. Ndiyo hiyo: walichukua zeze la Daudi, wakaacha moyo wa Daudi.

Kuna jambo jingine la siku zetu. Katika nyimbo za dunia, mtu mwenye feza anamlipa mwimbaji kusudi jina lake litajwe katikati ya wimbo. Kwa Lingala wanaita kutupa libanga. Libanga ni jiwe. Sisi nasi tuna habari ya mawe. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa na waamini waliobeba mawe juu ya vichwa vyao, wakiimba. Wababa, wamama, watoto. Hakuna aliyeandikwa jina juu ya jiwe lake. Basi chagueni, vijana: jiwe la kutupwa kwa ajili ya jina la mtu, au jiwe la kubebwa kwa ajili ya Jina la Bwana. Mikono ni miwili tu. Haiwezi kufanya yote mawili.

UPENDO. Hapa ndipo penye shina. Paulo alimwandikia Timotheo (1 Timotheo 5:8) kwamba mtu asiyewatunza walio wake, na zaidi wa nyumbani mwake, ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Hakusema: isipokuwa akiwa artisti.

Dunia inasifu mateso ya artisti. Inasema: ameteseka, ndiyo maana wimbo wake ni mtamu. Wapendwa, tuulize vizuri: nani ameteseka? Mama yule aliyetembea usiku na mtoto wa moto mgongoni, yeye ndiye aliteseka. Wimbo haukumwimba. Yuko mtu anayeteseka kwa ajili ya wengine, na yuko mtu anayewatesa wengine halafu anaimba kwamba anateseka. Hao si mtu mmoja.

Sisi wa Lubumbashi tunajua mateso ni nini. Hapa, katika mji huu uliokuwa unaitwa Élisabethville, Papa Simon Kimbangu alifungwa. Alihukumiwa kifo tarehe 3 oktoba 1921, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 hata kufa kwake tarehe 12 oktoba 1951. Yeye hakuiacha nyumba yake kwa kutafuta utukufu. Alinyang’anywa nyumba yake. Mama Mwilu alibaki na watoto watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, na kazi ya Bwana ikaendelea kwa siri mikononi mwake. Mateso ya namna ile hayatafutwi na mtu. Yanapokelewa kwa imani yakija. Mtu anayetafuta mateso kusudi aonekane mkubwa, na anayewatwika watoto wake mateso yale, asijilinganishe na wafungwa wa Bwana.

Upendo unaonekana pia katika jambo moja la Bezaleli ambalo tunalisahau. Kutoka 35 mstari wa 34: Mungu alitia moyoni mwake kufundisha wengine. Artisti wa dunia anaficha siri yake asije akapitwa. Fundi wa Mungu anaifungua. Katika parokia yetu kuna mama mzee anayeshona magwanda yetu ya kijani na nyeupe. Macho yamechoka. Tangu mwaka jana amewaweka wasichana wanne kwenye kiti chake, mmoja mmoja, anawashika mkono juu ya kitambaa. Hakuna aliyewahi kumwita vedeti. Lakini sisi tukisoma jina la Bezaleli, sura yake ndiyo inatujia.

Sasa, wapendwa, imebaki kusema neno dhidi yetu wenyewe, maana shemasi anayeonya wengine na kujificha nyuma ya mimbari ni Haruni mwingine.

Kijana huyu, nani alimfundisha kujiona si mtu wa kawaida? Sisi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita tulimsimamisha mbele ya wageni. Filimbi yake ilipolia, matoleo ya nsinsani yaliongezeka, tukafurahi. Akichelewa mazoezi, tulimngoja. Mwenzake akichelewa, tulimfukuza. Tulisikia harufu ya pombe mdomoni mwake kwenye mkesha mmoja, tukanyamaza, kwa sababu bila yeye kundi lisingepiga vizuri. Kisha alipooa, akaja kwetu kuomba tumsaidie apate mahali pa kujifunza useremala, tulimwambia angoje. Hatukuuliza tena. Kabare haikumwambia angoje. Kabare ilimpa kiti siku ile ile.

Ndiyo kusema, sisi tulileta pete, sisi tulizunguka na kushangilia, na leo tunataka kumwuliza yeye peke yake habari ya ndama. Hapana. Yeye atajibu kwa patasi yake, na sisi tutajibu kwa pete zetu. Tunaomba msamaha kwa Mungu, kwake, na kwa mama wa watoto.

Basi tufanye nini?

Ninyi vijana wenye vipaji: kesho asubuhi kabla ya kuuliza “wimbo wangu utafika wapi?”, ulizeni “nani nyumbani hajala?” Jifunzeni kazi moja ya mikono. Paulo alihubiri na kushona hema (Matendo 18:3), na mahubiri yake hayakupungua nguvu. Daudi alichunga kondoo na kupiga kinubi, na Sauli alipata raha. Njooni kwenye mazoezi saa iliyowekwa. Mkisahihishwa, msiseme mmeonewa wivu.

Ninyi wazazi: msivunje gitari la mtoto. Mwulizeni anacheza nini, na wapi, na pamoja na nani. Mtoto asiyesikilizwa nyumbani atatafuta masikio barabarani. Mtoto akichora ukutani, mpe karatasi.

Ninyi wanunuzi: mkimwita mshonaji, mchoraji au mchongaji, mlipeni. Wengi wanapenda kusema “hiyo ni kwa Bwana” wakati wa kulipa tu. Someni Kutoka 36: watu walileta vitu kila asubuhi hata vikazidi, na Musa akatangaza waache. Mafundi wa hema hawakufanya kazi na njaa.

Ninyi wachungaji na mashemasi wenzetu: tusimsifu mtu kuliko kiasi, wala tusimnyamazie kwa sababu ana faida. Sifa isiyo na onyo ni pombe ya kwanza ambayo kijana anaonjeshwa, na anaionjeshwa ndani ya kanisa.

Mlangoni pa nyumba ya ibada sisi sote tunavua viatu: mwenye sauti ya malaika na mwenye sauti ya chura, aliyepiga London na asiyejua kupiga hata kengele. Mbele za Mungu wote tunakanyaga kwa miguu mitupu. Huko ndiko artisti anaponea, kwa sababu anaacha kuwa vedeti na anarudi kuwa mwana.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulirudi kumwona kijana wetu. Hatukumkuta kwenye kabare. Tulimkuta nyumbani kwa mama yake mkubwa, amekaa nje. Hakusema mengi. Tulimwambia mambo mawili: kwamba tumekosa juu yake, na kwamba seremala mmoja wa parokia amekubali kumpokea tangu Jumatatu. Alisikiliza. Aliuliza kama mtoto anakula vizuri. Tukamjibu aende kumwona mwenyewe. Hatujui kama Jumatatu atafika. Hatutaki kuwadanganya kwa ushuhuda usiokwisha kuzaliwa. Filimbi yake iko katika ofisi yetu, imefungwa katika kitambaa. Kiti chake katika mstari wa mbele tumekiacha wazi. Siku atakayorudi atakaa mstari wa nyuma kwanza, pamoja na wanaoanza, na atawafundisha. Naye ameambiwa hivyo.

Tuombe. Bwana Mungu wetu, wewe uliyemjaza Bezaleli Roho yako, utujaze nasi. Uwakumbuke watoto wako wanaotangatanga na vipaji vyako mikononi. Utusamehe pete tulizotoa kwa ndama. Ulinde nyumba zao, uwape mkate wa leo na kazi ya kesho, na utufundishe kuimba bila kumliza mtu. Kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.